Timu ya dizaini imepoa? Michezo ya kuirudishia uchangamfu, kwa sisi wa Dodoma na majirani

Kama unafanya kazi za dizaini hapa Dodoma unaujua mwaka wetu unavyokwenda. Aprili Bunge la bajeti likianza tu ni majalada ya hotuba, vipeperushi, rolapu, mabango ya flexi, kila taasisi inataka ya kwake na inaitaka kesho asubuhi, halafu tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa kwahiyo kuna wale wanaokuja mbio na kazi za kumalizia fungu, ukisema sasa uvute pumzi Nanenane hiyo hapo Nzuguni na mabanda yote yanataka kuvalishwa. Ikifika mwishoni mwa Agosti hela labda imeingia, labda invoisi bado inazunguka meza kwa meza, ila watu wenyewe wamepoa kabisa.

Dalili zake hazijifichi. Kila bango linatoka na ule mkanda wa kijani, njano, nyeusi na bluu pale chini, juu picha ya treni au jengo refu, katikati maandishi meupe yenye kivuli, ukiuliza kwa nini unaambiwa wateja ndo wanapenda hivyo. Grupu la WhatsApp la ofisi limebaki na maneno mawili, "tuma" na "nimetuma". Mtu akiwa na wazo anasubiri kwanza asikie bosi anasemaje ndipo aone kama la kwake linafanana nalo. Watu wa dizaini hawajui watu wa kuprinti wamekula saa ngapi, na watu wa kuprinti wakiona faili lina kosa la tahajia wanaprinti hivyohivyo, si ndo walivyotuma. Hiyo ya mwisho ndo inayoniuma kuliko zote, maana hapo watu wameshaacha kujaliana, na bila kujaliana hakuna atakayekuonyesha wazo lake likiwa bado bichi.

Dawa iliyozoeleka ni kukodi ukumbi, kuleta mtu na prezentesheni yake awaambie mfikirie tofauti, chai, vitumbua, picha ya pamoja, Jumatatu kila kitu kiko vilevile. Mimi naamini kitu kidogo zaidi: mchezo mfupi wa kila wiki, wa karatasi na kalamu, wanacheza wote mpaka bosi, na kinachotengenezwa pale hakiuzwi kwa mtu yeyote. Ndivyo tunavyofanya kwenye timu ninayoisimamia na nitaeleza namna yake, wewe chukua kinachokufaa.

Ila jambo moja kwanza, na nalisema kwa uzito. Kama watu wako wamechoka kwa sababu mshahara unachelewa, au kwa sababu wanalala ofisini wiki nzima bila hela ya ovataimu, usiwaletee michezo. Watacheza kwa sababu wewe ni bosi, lakini moyoni watakuona unawadharau, na watakuwa sahihi. Lipa kwanza, wape siku za kulala kwanza, halafu ndo tuongee habari za kuchora.

Kabla ya kuanza kubalianeni haya

Muda ni dakika ishirini mpaka thelathini, mara moja kwa wiki, siku ileile na saa ileile. Sisi ni Jumatano asubuhi baada ya chai. Jumatatu haifai kwa sababu marekebisho ya wikiendi yamejaa kwenye simu, na Ijumaa ndo usiguse kabisa, toka treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 mtu mwenye familia Dar ikifika Ijumaa mchana akili yake iko stesheni, unamchosha bure.

Bosi anacheza. Sio anasimama pembeni amekunja mikono anatabasamu, hapana, anakaa chini anachukua karatasi na yeye mchoro wake unakuwa mbaya kama wa wengine na watu wanauona. Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard anaitwa Amy Edmondson, mwaka 1999 alichapisha utafiti wake kuhusu timu za kazini, alichokiona ni kwamba timu ambazo mtu haogopi kuuliza, kukosea au kusema hajui ndizo zinazojifunza zaidi na kufanya kazi vizuri zaidi. Sasa kwetu huku tuna heshima ya umri na ya cheo, ni kitu kizuri na sitaki kife, lakini ndani ya chumba cha dizaini heshima hiyohiyo inamfanya kijana wa fildi anyamaze na wazo zuri mpaka anamaliza miezi yake anaondoka nalo. Akishaona mkuu wake amechora ng'ombe anayefanana na meza, na mkuu mwenyewe anacheka, siku inayofuata atafungua mdomo.

La tatu, hakuna kutathmini. Hamna mshindi wa mwezi, hamna kupiga picha za kupeleka kwenye ripoti, na la muhimu zaidi hamna kusema "hii tuiuze kwa yule mteja wetu". Ukisema hivyo mara moja tu basi umeshageuza mchezo kuwa kazi nyingine isiyolipwa, wiki ijayo watu watachora vitu salama. Wazo likizaliwa pale na baadaye mwenyewe akaamua kulitumia kwenye kazi, hiyo ni ruhusa yake.

Na waite wote. Fundi wa mashine ya kuprinti, dada wa mapokezi, mhasibu, bodaboda wenu anayepeleka mizigo kama yupo. Vifaa ni rimu ya karatasi, maka peni, penseli, gundi, na bakuli la karanga au ubuyu katikati ya meza maana watu wakila pamoja wanalegea.

Miduara thelathini, wa kuanzia

Huu unahusishwa na Bob McKim aliyekuwa akifundisha dizaini Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Kila mtu anapewa karatasi yenye miduara 30 iliyo sawa, mistari sita yenye miduara mitano mitano inatosha, mnaweka saa dakika tatu, kazi ni kugeuza miduara mingi iwezekanavyo iwe vitu.

Dakika ya kwanza utaona mikono inakimbia: jua, mpira, saa, uso, tairi, chapati. Halafu ghafla kimya, kalamu zinasimama. Hapo ndo mchezo unapoanza kweli, kwa sababu vitu vya juujuu vimekwisha na kichwa kinalazimika kuchimba. Kuna atakayeunganisha miduara kumi kwa mpigo akatoa kichala cha zabibu, na lazima jirani yake atalalamika kwamba amedanganya. Usiamue wewe. Waulize tu, nani alisema miduara haiunganishwi? Hakuna aliyesema. Waache waongee hapo dakika tano, maana wanachokiongelea ni namna tunavyojiwekea sheria ambazo mteja hakuziweka, na watalifikia wenyewe bila wewe kuwahubiria.

Mkimaliza msihesabu tu nani kajaza mingi, angalieni na utofauti. Mtu kajaza ishirini lakini yote ni nyuso zenye vinywa tofauti, mwingine kajaza tisa ila kuna sufuria, shimo la bao, kisima, jicho la ng'ombe. Mwanasaikolojia wa Marekani J. P. Guilford kwenye miaka ya 1960 alikuwa anatumia jaribio linalokaribiana na hili, unapewa kitu cha kawaida kama tofali unataja matumizi yake mengi uwezavyo, na alikuwa anaangalia wingi wa majibu, aina za majibu, na majibu ambayo wengine hawakuyapata. Siku nyingine fanyeni hilo la Guilford kwa ndoo tupu ya rangi, au flexi iliyotumika, mtashangaa flexi moja ina kazi ngapi mtaani: turubai la bajaji, paa la kibanda cha chipsi, mkeka wa kuanikia mahindi, pazia la bafu.

Mchoro wa kukunja

Wasanii wa Paris miaka ya 1920, wale waliojiita wasurealisti, walikuwa na mchezo huu. Karatasi inakunjwa sehemu tatu, wa kwanza anachora kichwa anakunja kikafichika anaacha tu mistari miwili ya shingo ikionekana, wa pili anachora kiwiliwili anakunja, wa tatu miguu, mkifungua mnakuta kiumbe ambacho hakuna mtu angekipanga peke yake.

Nautumia huu kwa ajili ya watu wasioongea. Kaa na orodha kichwani, nani na nani wamepishana siku hizi, nani hajawahi kumsemesha nani zaidi ya salamu, halafu wapange kwenye karatasi moja. Mhasibu na dizaina mpya, fundi printa na yule dada wa leauti waliokwaruzana kuhusu rangi iliyotoka vibaya. Huwaambii lolote. Wakifungua wakakuta kichwa cha tembo, mwili wa waziri aliyevaa suti, miguu ya mbuni yenye malapa, watacheka wote wawili kwa kitu kimoja, na nikwambie watu wakishacheka pamoja kwa kitu walichokitengeneza wenyewe lile la rangi linaongeleka.

Bango baya kuliko yote

Wapeni mteja wa kufikirika, tuseme duka la magodoro, na kazi ni kutengeneza bango baya kabisa mnaloweza kwa dakika kumi na tano. Kwa mkono, bila kompyuta. Fonti saba, picha imevutwa mpaka mtu amekuwa mfupi, namba za simu nne, maneno kumi na mawili yote kwa herufi kubwa, njano juu ya nyeupe.

Huu mchezo unafungua watu kuliko yote ninayoijua, kwa sababu hakuna anayeogopa kufeli kwenye kitu ambacho lengo lake ni kufeli. Pia unatoa yale watu wanayoyachukia kazini wakayaficha, utaona mtu ameandika pembeni "ongeza logo iwe kubwa" na chumba kizima kinapiga makofi. Mkishayabandika ukutani, kila mtu achague bango la mwenzake (sio lake) atafute ndani yake kitu kimoja kizuri, lazima kipo, halafu akitumie kuchora upya kwa dakika tano. Mara nyingi kile kilichowekwa kwa ubaya, kama godoro lililochorwa kubwa likafunika jina la duka, ndo kinachokuwa na nguvu kikipewa nafasi yake. Naupenda sana huu, uwekeni mara kwa mara.

Kanga ya timu

Hapa kaeni kwa kutulia, siku ya kanga tunajipa hata saa nzima. Kila dizaina wa Kitanzania anajua kanga ila wengi hatujawahi kuiangalia kama kazi ya dizaini, wakati ni leauti iliyokaa sawa kuliko mabango yetu mengi: pindo linazunguka pande zote, mji uko katikati, na jina liko chini ya mji kwenye kiboksi chake. Sehemu tatu, kila moja ina kazi yake, na mtu anaisoma akiwa anatembea barabarani.

Mnagawana watatu watatu. Mmoja anaandika jina, yaani yale maneno, na yawe yanahusu maisha ya hapo ofisini, sio ya kunakili kwenye kanga ya bibi. Akimaliza anawasomea wenzake, wa pili anachora mji, wa tatu anachora pindo bila kuchungulia mji, anajua tu maneno. Mwisho mnaunganisha karatasi mnaona kama vimesikilizana. Kwetu yametoka majina kama "Mteja mfalme, nasi ni ikulu" na lingine "Faili la mwisho halina mwisho", hilo la pili bado liko ukutani juu ya printa na kila mtu mpya akiingia analisoma anaelewa amefika wapi.

Faida ya huu ni kwamba watu wa maandishi na watu wa picha wanategemeana. Kwenye ofisi nyingi maneno yanakuja kwenye Word kutoka kwa afisa habari, dizaina anayabandika bila hata kuyasoma. Siku ya kanga lazima uyasome maana usipoyasoma huna cha kuchora. Baada ya muda unaona mtu anarudisha maandishi ya mteja anauliza, samahani hii sentensi inataka kusema nini, na hapo kazi yako kama kiongozi imeanza kuzaa.

Siku nyingine chezeni na vitendawili. Kitendawili, tega! Lakini cha kutunga wenyewe, kuhusu kitu cha hapa mjini, na badala ya kujibu kwa mdomo mnajibu kwa alama mnayoichora, kama logo. "Mzee mnene, jua kali hatoki jasho, kichwani nywele chache." Mbuyu huo, wa kiangazi. "Ana miguu mitatu na maneno mengi mgongoni." Bajaji. Sekunde sitini, mnyanyue karatasi wote kwa pamoja, msichunguliane.

Mnara wa spageti

Nitaupitia haraka maana wengi mmeshauona. Vijiti 20 vya spageti, utepe, uzi, na kitu laini cha kuweka kileleni, wenzetu wanatumia pipi ya marshmallow, sisi tunaweka kipande cha andazi. Dakika 18, timu ya watu wanne, mnara mrefu unaosimama wenyewe ndo umeshinda. Ulibuniwa na Peter Skillman, na kinachojulikana ni kwamba watoto wa chekechea huwa wanawashinda wanafunzi wa vyuo vya biashara, kwa sababu watoto wanaweka kile kitu juu mapema wanaona kinaanguka wanarekebisha, wakubwa wanapanga mpaka dakika ya mwisho. Mzuri kwa timu yenye tabia ya kumwonyesha mteja kazi ikiwa imeshakamilika. Ila msiurudie sana, ukishajua siri yake umekwisha utamu.

Kuandika kimya, ukiwa na kazi ya kweli mezani

Huu peke yake ndo ninaoruhusu uguse kazi ya mteja, na mnauanza baada ya watu kuzoeana.

Ile staili ya kukaa mezani kila mtu arushe mawazo ilienezwa na Alex Osborn, mtu wa matangazo wa New York, kitabu chake cha 1953 ndo kiliifanya ipendwe dunia nzima. Lakini mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapima watu, wakakuta idadi ileile ya watu wakifikiri kila mmoja peke yake halafu mawazo yakajumlishwa wanatoa mawazo mengi kuliko wakikaa kikundi kimoja wanaongea. Ukikaa kwenye miting zetu unaelewa kwa nini, mmoja anaongea saba wanasubiri zamu, wazo linasahaulika, na mkubwa akishasema lake mengine yanakufa.

Mjerumani Bernd Rohrbach mwaka 1968 akaja na njia ya karatasi: watu 6, kila mmoja anaandika mawazo 3, kwa dakika 5, kisha anampa wa kulia kwake ambaye anaongeza matatu yake chini baada ya kusoma yaliyotangulia, mpaka karatasi inazunguka wote. Nusu saa mnakuwa na mawazo 108. Mkiwa wanne mizunguko minne inawapa 48 kwa dakika ishirini, yanatosha sana.

Tuseme brifu, yaani maelekezo ya mteja, ni bango la kuhamasisha watu wa Dodoma kupanda miti. Mzunguko wa kwanza wote mtachora kiganja chenye mche, usiogope, ndo inavyokuwa. Wa pili yatakuja majani yenye umbo la moyo. Mzunguko wa tatu mtu amechoka na majani, ameshasoma ya wenzake, anaandika kuhusu watu waliojipanga mstari mmoja mwembamba kufuata kivuli cha nguzo ya umeme saa saba mchana kituoni. Hilo kila mkazi wa hapa atalielewa akiwa kwenye daladala bila maelezo. Na likishatoka hujui ni la nani, maana karatasi imepita mikono minne, kwahiyo hakuna wa kujisifu wala wa kuonewa wivu. Mwandike au mchore, yote sawa, sharti ni moja tu: hakuna kuongea mpaka karatasi ziishe kuzunguka.

Ya kusimama na kutembea

Kukaa kwenye kiti kunaua. Asubuhi kabla jua halijakolea tokeni uani na mpira wa soksi mcheze rede, wawili pembeni wanarusha, wa katikati anakwepa. Kwa anayefunga, mjamzito, mwenye goti bovu, au asiyependa tu kukimbia mbele ya watu, hana haja ya kujieleza, anahesabu pointi au anakaa kwenye mdako chini ya mti. Tangazeni siku moja kabla ili watu wavae nguo za kukimbilia, mwanamke aliyekuja na sketi ya kubana umemtenga bila kukusudia.

Ndani ya ofisi wekeni bao. Bao la kete lile lenye safu nne za mashimo nane nane na kete 64, liweke karibu na kompyuta inayotoa mafaili mazito, watu wakisubiri faili limalizike wanasogeza kete badala ya kusogeza simu. Kama hamna anayelijua vizuri muiteni mzee wa mtaani awafundishe, mkaribisheni na chai yake, atafurahi na ninyi mtakuwa mmepata mzee wa kuwasimulia mji.

Pia kuna makofi. Muziki wa Wagogo umejengwa kwa tabaka, sauti moja inaanza nyingine inaingilia pembeni yake, zeze na ilimba (ile ya vyuma vya kupiga kwa vidole gumba) chini yake, sikilizeni kazi za marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, mtaelewa ninachosema, au nendeni kwenye tamasha la muziki wa Cigogo kule Chamwino mkaone akina mama wanavyopiga ngoma za muheme. Sisi tunachukua wazo hilo tu: mmoja anapiga makofi ya kujirudia, wa pili anaongeza yake yanayojaza pale palipobaki wazi, wa tatu, wa nne. Dakika mbili. Ukisikiliza ili ujue pa kuingilia, unafanya kilekile tunachokihitaji tukigawana kazi moja kubwa.

Mara moja kwa mwezi tokeni barabarani. Majengo sokoni au Sabasaba, kila mtu na simu yake, mnatafuta herufi A mpaka Z zilizochorwa kwa mkono: vibao vya saluni, milango ya mabucha, migongo ya bajaji na malori. Mafundi wa kuandika kwa brashi wana herufi ambazo huzikuti kwenye kompyuta yoyote, na mkikutana naye yuko kazini simameni, salimianeni, ulizeni anaanzaje mstari. Omba ruhusa kabla ya kumpiga picha mtu au biashara yake, nunua hata maji. Na majengo ya serikali, walinzi, maeneo ya jeshi, kamera shusha kabisa. Mkirudi mnapanga alfabeti yenu ukutani.

Mkipata siku nzima, panda gari mwende Kolo, ukipita Kondoa mjini kwenye barabara ya kuelekea Babati. Ile michoro ya miambani iliingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili mchoro kwa mchoro. Nenda na muongozaji kutoka ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, pandeni taratibu, msiguse wala kumwagia maji mchoro ili uonekane, na mjue baadhi ya mapango wenyeji bado wanafanyia matambiko yao kwahiyo sauti chini. Kaeni mbele ya wale watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa, rangi moja tu nyekundu, hamna kivuli hamna gradienti ya rangi kufifia taratibu, na bado unaona nani anacheza na nani amebebwa. Zoezi: kila mtu achore mwenzake mmoja wa ofisini kwa rangi moja na mistari isiyozidi kumi, akitambulika bila kuandika jina umefaulu. Hakuna siku timu yangu ilichora kimya na kwa makini kama ile.

Vikwazo utakavyokutana navyo

Kuna atakayesema haya ni mambo ya watoto. Usibishane naye, mpe kazi ya kushika saa, kaa naye hivyo wiki kadhaa, mara nyingi ataomba karatasi mwenyewe. Kuna mwenye kipaji anayewafunika wengine, huyo mwambie achore kwa mkono asiouzoea. Kuna mzaha unaoumiza, mtu anachora mwenzake kwa namna ya kumdhalilisha mwili au kabila lake, hapo unasimamisha papo hapo na unaongea naye pembeni, bila kungoja wiki ijayo. Utani wa makabila tunao na unatusaidia sana lakini una mipaka, na anayejua umevuka ni yule anayetaniwa.

Wenzenu walioko Dar au Singida wanaofanya kazi kwa simu waingizeni pia. Miduara na kitendawili vinachezeka vizuri tu kwa WhatsApp, mnatuma picha wote kwa wakati mmoja mliopanga, ila mchoro wa kukunja unataka muda zaidi, mmoja anachora leo anatuma mistari miwili ya shingo tu, kesho mwingine.

Uongozi wa mchezo uzunguke. Wiki hii mimi, ijayo fundi printa, inayofuata kijana wa fildi. Usiwasahihishe wakiongoza tofauti na ulivyozoea wewe.

Kwa mwezi wa kwanza ningeanza hivi: miduara, kisha mchoro wa kukunja, kisha bango baya, wiki ya nne mtoke sokoni. Kanga mwezi wa pili. Kuandika kimya acheni mpaka mwone watu wanabishana bila kununiana. Na kazi ya dharura ikidondoka Jumatano asubuhi, itadondoka tu hasa ikiwa Mei, hamisheni mchezo Alhamisi saa ileile na mwandike kwenye ubao ili kila mtu aone haujafutwa, kisha mfungue faili mfanye kazi.